Wasifu wa Sweta, Aliyeandika "Bakiza"

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika kumsindikiza marehemu, karatasi mliyoshika ina wasifu wake, aya saba. Sita ni za kweli. Huu unaosomwa sasa ni ule ulioandikwa na dada yake mkubwa, kwa mkono wake, kabla haujapelekwa kuchapwa. Dada huyo ndiye anayeusoma; ni fundi cherehani, si mtu wa hotuba, na anaomba asikatizwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Septemba 1966, mtoto wa pili kati ya watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya magari. Dada yake alikuwa na miaka tisa. Siku hiyo alitumwa sabuni, akapitiliza kucheza, na aliporudi alikuta mtoto ameshafika na watu wazima wote wanaisubiri sabuni hiyo hiyo. Alichapwa. Kwa hiyo alianza kwa kumchukia marehemu, na chuki yenyewe iliisha jioni ile ile alipopewa ambebe. Mdogo wao wa mwisho alikuja miaka kumi na mitatu baadaye, na huyo aliyembeba ni marehemu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1974 hadi 1980, sekondari hadi 1984, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu umeme mwaka 1988. Shuleni alisifiwa kwa hesabu, lakini nyumbani alijulikana kwa chaki. Aliokota vipande darasani akaiandika nyumba nzima. Mlango uliandikwa MLANGO. Ndoo mbili ziliandikwa KUNYWA na KUOGA, na chini yake sababu: HII INA KUTU. Shangazi alipokuja kukaa wiki mbili, asubuhi moja alikuta sanduku lake limeandikwa LA SHANGAZI, LINAONDOKA JUMAPILI KWA SABABU TUNALALA WANNE. Shangazi hakungoja Jumapili. Aliondoka Ijumaa, mdomo ameuvuta huku, na mama alicheka mpaka akakaa chini.

Tarehe 2 Mei 1989 aliajiriwa na shirika la maji kama fundi umeme. Mwaka 1996 akahamishiwa chumba cha kompyuta, ghorofa ya chini, chumba kisicho na dirisha, kiyoyozi kinanguruma mwaka mzima ili mashine zisipate joto. Ndiko alikopata jina. Nje jua linawaka, watu wanajipepea kwa magazeti, yeye anatoka kwenda kula mchana na sweta ya kahawia imefungwa vifungo hadi shingoni. Wakamwita Sweta, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi.

Alifunga ndoa tarehe 18 Aprili 1998 na mhudumu wa dirisha la malalamiko, ambaye ndiye mjane tuliye naye hapa. Wifi alikuwa akishinda anatukanwa na watu waliokatikiwa maji, akichoka anateremka chini kwa Sweta kupoza kichwa. Sweta akatundika sweta ya pili kwenye msumari, akaibandika karatasi: MGENI. Baada ya miezi minne akaibandua karatasi ile, akabandika nyingine: MWENYEWE. Huo ndio uchumba wote. Na wifi akakubali, jamani, wanawake tuna moyo. Mungu aliwajalia mabinti wawili.

Mwaka 2006 marehemu alimwombea mdogo wake nafasi katika chumba kile. Alimfundisha kazi kama mtu anayevusha mtoto barabara, amemshika mkono. Mdogo wao ana kichwa chepesi na ulimi mtamu, na alipanda haraka. Ilipofika mwaka 2020 alikuwa mkuu wa mradi na Sweta yuko chini yake. Marehemu hakuona kijicho hata chembe. Alikuwa akiwaambia watu, "Bosi wangu huyu nilimbeba mgongoni, alinikojolea mara ngapi."

Mradi wenyewe ulikuwa wa kuhamia winguni. Dada yake alipoambiwa hivyo aliuliza, "Na mvua ikinyesha?" Sweta akamweleza taratibu. Ndani ya kompyuta moja kubwa ya chuma mlikuwa na mashine nyingi zisizoshikika, zinaitwa mashine pepe, kama wapangaji katika nyumba moja, kila mmoja na mlango wake. Shirika lilikuwa na wapangaji arobaini na wawili. Sasa ilitakiwa wahamishiwe kwenye majumba ya watu wengine, mbali, ambako shirika litakuwa linapanga. Huko kwenye majumba ya watu ndiko wanakokuita winguni.

Kazi ya marehemu ilikuwa kuandaa jedwali. Kila mashine pepe ina mstari wake, na kila mstari una neno moja: Hamisha, Bakiza, au Zima. Alilifanya miezi saba. Mashine thelathini na tano aliziandikia Hamisha. Sita zilizokuwa hazina kazi aliandika Zima. Moja tu, kongwe kuliko zote, waliyoiita Bibi, aliiandikia Bakiza. Bibi ndiye aliyekuwa akifungua na kufunga maji ya mtaa wa juu, na alizungumza na pampu kwa waya uliochomekwa kwenye kisanduku cha kijivu mle mle chumbani. Pembeni akaandika sababu: "Waya huu haufiki winguni. Bibi akihama, pampu hazitamsikia." Tarehe 11 Oktoba 2021 akamtumia mdogo wake jedwali kwa barua pepe.

Wakubwa walikuwa wameahidiwa kwamba kila kitu kitahama, asilimia mia. Kubakiza mashine moja kungeharibu hesabu hiyo nzuri. Basi jedwali lilipofika mezani kwao, mstari wa Bibi ulikuwa unasema Hamisha. Sababu haikuwepo. Na chini kabisa palikuwa bado pameandikwa: Limeandaliwa na, likifuata jina kamili la marehemu.

Bibi alihamishwa Jumapili, tarehe 6 Machi 2022, Sweta akiwa amepangiwa mapumziko hadi Alhamisi. Kwenye skrini kila kitu kilikuwa kijani, watu wakapongezana. Mabomba ya mtaa wa juu yakakauka siku nne. Wodi ya wazazi ilichota maji kwa ndoo. Hakuna aliyejua la kufanya mpaka Sweta alipoingia kwenye chumba chake Alhamisi, akachomeka tena kisanduku cha kijivu na kumwamsha Bibi kutoka kwenye nakala aliyokuwa ameitunza. Maji yakarudi saa sita mchana.

Jumatatu iliyofuata akaitwa kwenye kamati. Mwenyekiti akamgeuzia jedwali. "Jina la nani hili hapa chini?"

Sweta alilisoma mstari kwa mstari. Akamtazama mdogo wake aliyekuwa ameketi upande wa pili wa meza. Mdogo wake alikuwa anachunguza kalamu yake kana kwamba ndiyo kwanza anaona kalamu.

"Jina ni langu," Sweta akasema.

Aliangushiwa jumba bovu, na aliyemwangushia ni yule aliyekula naye sahani moja. Tarehe 31 Machi 2022 alipewa barua mbili achague: kufukuzwa, au kuomba mwenyewe kustaafu. Alitia sahihi ya pili. Alikuwa amebakiza miaka minne tu.

Na hapa dada yake lazima aseme lake, maana hakuja kusafisha wengine ajiache yeye. Dada anaishi mtaa wa juu. Siku zile nne alipanda kilima na ndoo, goti bovu, na aliposikia kosa ni la Sweta alikwenda kwake akamfokea mbele ya watoto wake. "Miaka yote hiyo mle ndani, unashindwa kujua kipi kihame na kipi kibaki?" Marehemu akasema, "Pole, dada. Goti linaendeleaje?" Hilo neno halijamtoka dada yake mpaka leo. Majirani nao walimsema, wengine mko hapa. Dukani palikuwa na mtu aliyekuwa akimwona tu anauliza kwa sauti kama leo maji yapo.

Marehemu alianza kuvimba miguu Novemba 2022. Daktari alisema moyo umepanuka. Alilazwa tarehe 2 Mei 2023, wodi namba tatu, kitanda cha dirishani. Tarehe 10 Mei, mchana, mdogo wake alikuja peke yake. Dada yao alikuwa nyuma ya pazia anasuuza chupa ya chai, na wao hawakumwona.

"Kaka, lile jedwali nililibadilisha mimi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoliona. Halikuwa na sababu. Mimi neno bila sababu naliandika lini?"

Mdogo wao akaanza kulia. "Sasa mbona hukusema?"

"Wangekufukuza, na wanao bado wadogo. Nimekusamehe, hayo yameisha. Lakini wewe kaseme. Watu wananiona mimi ndiye niliyewanyima maji wazazi wodini. Kaseme ningali hai, niyasikie."

"Jumatatu, kaka. Haki ya Mungu. Jumatatu saa mbili naingia kwa mkurugenzi."

Jumatatu ya tarehe 15 marehemu alimwomba nesi amwinue na kumvalisha shati, akakaa ameitazama simu mpaka jioni. Tarehe 22 alifanya vile vile. Tarehe 29 nesi alipoleta shati, alisema aachwe tu alale. Kila kitu chao ni pepe: mashine pepe, barua pepe, na ahadi nayo ikawa pepe.

Marehemu alifariki Jumamosi, tarehe 3 Juni 2023, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Juzi mdogo wetu alijitolea kupeleka wasifu kuchapwa. Dada yake alikuwa ameandika, "Aliachishwa kazi kwa kosa lisilo lake." Karatasi imerudi inasema, "Alistaafu kwa hiari yake." Mara ya pili, jamani! Mtu yuko ndani ya jeneza na bado anabadilishiwa maneno. Kwa hiyo mwenye kalamu aitoe. Ukurasa wa pili, aya ya sita, mstari wa nne. Futa, uandike ilivyokuwa. Dada yake atasubiri.

Ahsanteni.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja wa miezi mitano, dada mkubwa, na mdogo wake wa kiume ambaye ameketi mstari wa mbele, upande wa kushoto. Marehemu alimsamehe kwa kinywa chake. Dada yake bado hajaweza, na hatadanganya mbele ya kaburi.

Hapa ndipo wasifu humwombea marehemu pumziko la amani. Dua hiyo dada yake haisemi. Anamwachia mdogo wao aiseme, akishasema kwanza lile aliloombwa kulisema. Kipaza sauti hiki hapa. Inuka, baba, njoo.