Bi Mwanasaumu na Mashine Mbili za Changamwe

Leo ni tarehe 30 Septemba 1999. Nina miaka tisa mbali na Mombasa, lakini wenzangu wa zamani wameniandikia huku Muscat wakitaka nimuage Bi Mwanasaumu Jumaa, anayestaafu leo baada ya miaka thelathini na miwili katika bohari yetu ya makontena, Changamwe. Nimekubali kwa kuwa nilikuwapo mwaka 1988.

Aliingia kazini mwaka 1967 akiwa mpiga chapa, akivuka feri kila asubuhi kutoka Likoni. Kompyuta zilipoletwa, alijisomea vitabu vya mashine hizo saa ya chakula, hata kurasa zikaingia madoa ya mbaazi.

Mwaka 1988 tulikuwa na kompyuta kuu mbili zilizotumia kumbukumbu zilezile, na kila karani alikuwa na skrini iliyounganishwa na mojawapo. Meneja, Bwana Gershom, aligawa makarani nusu kwa nusu, pasiwe na upendeleo. Ilionekana haki. Lakini kazi ilizorota, malori yakapanga foleni hadi barabarani, na lawama zote zikamwangukia Mwidani, karani wa lango la mizigo iliyoshuka melini. Madereva walikuwa wakimpigia kelele: "We Mwidani, umeilalia hiyo mashine?" Ikatoka barua: ajirekebishe kwa wiki mbili au aondoke.

Bi Mwanasaumu aliketi kando yake siku mbili, saa mkononi. Akaona skrini ya Mwidani inakwama kila karani wa ofisini anapofungua kumbukumbu ya kontena lilelile kwenye mashine ya pili. Mashine moja ilingoja mwenzake aachilie.

Mtaalamu aliyeitwa alipendekeza inunuliwe ya tatu.

"Wallahi, na hiyo ije igombanie?" aliuliza Bi Mwanasaumu. "Bwana Gershom, watu waache. Gawa kazi."

Basi wote wa mizigo iliyoshuka, wa langoni na wa ofisini, wakatumia mashine ya kwanza. Wa mizigo ya kupakiwa, ya pili. Ya kwanza ilibeba kazi nyingi zaidi, na Bwana Gershom hakulipenda hilo kamwe. Lakini kufikia Alhamisi barabara ilikuwa wazi, na barua ikachanwa. Leo Mwidani ndiye mkuu wa lango.

Ofisi imemwomba Bi Mwanasaumu abaki kwa mkataba. Ameniandikia kwamba siku hizi kila kinachokwama kinamngoja yeye mmoja, ilhali wapo vijana wanaoweza.

Ahsante, Bi Mwanasaumu. Mola akupe afya, na asubuhi za kukaa kwako Likoni bila haraka.

Mkataba ameukataa. Hatarudi.