Jogoo wa Kuhamia Boma

Mama mwenyekiti, asante kwa nafasi. Akina mama wa chama, na nyinyi akina baba wachache mliokubali kuketi nasi, mnivumilie. Nimeambiwa nieleze habari ya chakula cha kuku. Siwezi kuieleza bila kumtaja mzee wangu, baba wa watoto wangu.

Mzee alipopata kiharusi, mkono wa kushoto ulikufa kabisa na mguu akawa anauburuta. Tulikuwa bado tunaishi katika simba yake, ile nyumba ya ujana ndani ya boma la baba yake. Nyinyi wa Nyakach mnajua uchungu wake. Mwanamume mwenye watoto wakubwa, azikwe kwa baba yake kama kijana? Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa. Aliniambia, "Mama, sitaki kufia hapa. Nataka nishike jogoo wangu nitoke."

Kwa desturi yetu, siku ya kuhamia boma jipya baba hubeba jogoo, kijana wa kwanza hubeba shoka, mama hubeba moto. Mzee alikuwa ameshachagua wake, jogoo mwekundu aliyemlea tangu kifaranga, akimrushia punje kutoka kitini. Nilimwambia majogoo wako wengi sokoni Pap Onditi. Akamrushia mwekundu punje nyingine.

Sasa, mayai ndiyo yaliyonunua dawa zake. Kwa hivyo mitetea na majogoo wote niliwalisha chakula cha kuku wa mayai. Si wote ni kuku? Kilipopanda bei nikaona nikiongeze mwenyewe. Niliteremka ufuoni, nikaokota maganda ya kome, nikayatwanga, nikayachanganya humo bila uchoyo. Mayai yakawa magumu vizuri, nami nikajiona fundi. Msicheke.

Halafu majogoo wakaanza kuanguka. Wa kwanza alikaa chini kama amechoka, vifundo vya miguu vikavimba, kinyesi kikawa cheupe, akafa. Mwingine akafuata. Mitetea nao wanakula, wanataga, hawana habari. Ndugu zangu, nawaambia, jambo kama hilo likikupata moyo huanza kutafuta mbaya wako. Shemeji yangu alisema kuna mtu hataki tuhame. Mwingine akashauri tumchinje mwekundu mapema, angalau tumle.

Nilikataa. Lakini asubuhi moja mwekundu hakuwika. Mzee alitega sikio, akangoja, kisha akageuza uso ukutani. Nililia pale pale mlangoni, hata sikujificha.

Mama mmoja wa chama hiki, na ameketi hapa, alinikuta hivyo. Akasema, "Wacha kulia. Yule aliyekufa jana uko naye? Mfunge kwa gunia twende kwa daktari wa mifugo."

Tukaenda Awasi. Daktari alimpasua, akanionyesha figo. Zilikuwa zimevimba, nyeupe, kama zimepakwa chokaa.

"Mama, unawalisha nini?"

Nikamwambia, tena kwa majivuno, kwamba ni chakula cha mayai na hata maganda naongeza. Akaweka kisu chini.

"Mama, hivyo vyote vimejaa chokaa ya kujenga ganda la yai. Mtetea anaitoa na yai. Jogoo ataitoa wapi?"

Nilimfikiria yule mwekundu, kila asubuhi ninavyomwekea kifo chake kwa sahani, na mzee anatazama.

Daktari akasema wote wale chakula kimoja kisichotiwa chokaa ya kutagia, na maganda yakae kwa chombo chake. Mwenye kuyahitaji atayafuata mwenyewe. Kuhusu huyo mwekundu, hakuniahidi kitu.

Hapo ndipo mliponibeba. Mwenye kinu aliniwekea pumba na mahindi yaliyovunjika. Wa ufuoni alileta vipande vya omena, dagaa wetu wa ziwani, tukachekecha mchanga wote. Tukaongeza mashudu ya alizeti. Daktari alipoona mchanganyiko wetu alitukemea kidogo, eti pumba zimezidi, tukapunguza. Nawaambieni, chakula hicho kilikuwa rahisi kuliko kile nilichokuwa nanunua. Maganda niliyatia kwenye kopo kuukuu. Mitetea walilikimbilia. Mwekundu alidonoa mara moja, akaondoka zake.

Alichukua muda. Alianza kusimama, kisha kutembea akichechemea, na siku moja akawika, sauti imekwaruza vibaya. Mzee alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Siku ya kuhama, mkono mmoja tu wa mzee ndio uliofanya kazi na ulikuwa umeshika jogoo, kwa hivyo fimbo hakuweza kushika. Ndugu yake alimshikilia mshipi kwa nyuma. Hatua kwa hatua, kijana na shoka, mimi na moto, mpaka tukafika. Mzee hakukubali kumshusha jogoo mpaka alipoingia kwake.

Alikaa humo msimu mmoja wa mahindi. Tulimzika mbele ya nyumba yake mwenyewe.

Ero kamano, akina mama. Asante kwa gunia, kwa pumba, kwa omena, na kwa kutonicheka wakati ule. Nanyi mlio na majogoo na mitetea pamoja, msichague chakula kwa kuangalia mayai peke yake. Maganda yakae kwa kopo lake.

Mwekundu bado yupo. Huwika amechelewa, majirani wote wamekwisha kuamka. Mimi hubaki kitandani nikimsikiliza mpaka amalize, maana anawika katika boma la mzee wangu.