Mguu Niliouficha Usioshwe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nimesema mimi, na mguu wangu wa kushoto nao umesema, kwa maana bado umo ndani ya kiatu na umesimama hapa mbele yenu. Basi tuseme wote: asifiwe!

Wengi mnanijua. Mimi ni Baba Mwende, mzaliwa wa Kitui, karani mstaafu wa serikali, mkaazi wa Mountain View, na mzee wa kanisa hili la Kangemi tangu lilipokuwa la mabati. Tena mnanijua kwa jagi. Kila baada ya miezi mitatu, kabla ya Meza ya Bwana, tunapotawadhana miguu, wanaume huenda kwenye chumba cha watoto, kila mtu na mwenzake, beseni na taulo. Na kwa miaka mingi ni mimi niliyepita na jagi la maji ya vuguvugu nikimimina. Mlisema, tazameni unyenyekevu wa mzee wetu! Hata mchungaji alinisifu siku moja mbele ya wageni.

Ndugu zangu, leo natubu. Haukuwa unyenyekevu. Anayebeba jagi havui viatu.

Miguu yangu ilinitia aibu tangu ujana. Visigino vilikuwa na nyufa, kucha zilikuwa nene na za manjano, na katikati ya vidole palikuwa na ngozi nyeupe inayochubuka na kunuka. Ofisini nilikuwa mtu wa viatu vya kung'aa, na nilitaka watu waishie hapo hapo kwenye viatu. Petro alikataa kuoshwa miguu kwa sababu alimheshimu Bwana. Mimi nilikataa kwa sababu nilijiheshimu mwenyewe.

Sasa sikieni. Miaka kama miwili iliyopita niliona doa jeusi kwenye unyayo wa kushoto, karibu na kisigino, dogo kama mbegu ya papai. Nikasema ni rangi ya soksi. Nikalisugua kwa jiwe. Halikutoka. Baadaye likapanuka, nikasema ni sugu. Nikashuka mjini, nikanunua kwa mchuuzi dawa ya kuchoma sugu. Ngozi ikababuka, ikapona, na doa likarudi kubwa zaidi. Lakini halikuniuma, ndugu zangu! Hapo ndipo nilipodanganyika. Nilidhani ugonjwa usiouma si ugonjwa. Nikavaa soksi, nikaenda zangu.

Halafu ikaja siku ya kutawadhana. Wanaume walikuwa wameshakaa wawili wawili, mimi na jagi langu, nikasikia mchungaji akiniita.

"Mzee, weka jagi chini. Ndugu Wekesa hana mwenzake."

Wekesa mnamjua, ndiye yule fundi wa viatu kando ya soko. Mikono yake haitoki rangi hata akiiosha kwa sabuni ya kipande. Chumba kizima kilikuwa kinanitazama. Nikakaa. Wekesa akapiga magoti huku akicheka.

"Leo mzee amepatikana! Toa soksi, mzee. Mimi huona viatu vyako tu, leo wacha nisalimie wenyewe."

Akauosha mguu wa kulia polepole, kama anayeosha mtoto. Hakusema neno juu ya kucha zangu. Akaushika wa kushoto, akauinua, na kicheko kikakatika. Akapitisha kidole gumba juu ya lile doa. Akalisugua. Akalisugua tena.

"Mzee, hii kitu imekaa hapa tangu lini?"

"Ni rangi ya soksi."

"Hapana, mzee. Rangi naijua, ndiyo kazi yangu. Rangi hukaa juu, ukisugua inapungua. Hii imekaa ndani."

Nilikasirika. Nikamwambia, tena kwa sauti ambayo haifai siku kama ile, "Tangu lini fundi wa viatu akawa daktari?" Yeye akanikausha mguu kwa taulo, akaniombea. Mimi nikaipokea Meza ya Bwana siku ile nikiwa na hasira moyoni. Mungu anisamehe.

Lakini Wekesa hakuniacha. Juma lililofuata nilimpelekea viatu vyangu vyeusi abadilishe soli. Nilipovirudia, akanipa kimoja, cha kulia.

"Na kingine?"

"Kingine kiko ndani. Kitatoka siku utaniletea karatasi ya daktari."

Nikadhani ni mzaha. Nikacheka. Hakucheka. Nikamwambia nitamshtaki kwa mchungaji. Akaniambia, "Nishtaki, mzee. Hata mchungaji nitamwonyesha hiyo doa." Akina mama waliokuwa wakiuza mboga jirani yake wakaangua kicheko, mmoja akauliza kama nitaenda kanisani nikirukaruka. Nikarudi nyumbani na kiatu kimoja ndani ya mfuko wa karatasi.

Mke wangu, Mama Mwende, akauliza kulikoni. Nikamweleza, nikitumaini atamlaumu fundi. Akaniambia nivue soksi. Akatazama, kisha akasema, "Nimefua soksi zako miaka yote hii, Baba Mwende, na mguu wenyewe hujawahi kunionyesha." Ndugu zangu, maneno hayo yalinichoma kuliko dawa ya sugu.

Basi nikaenda hospitali moja kule Parklands, nimevaa kandambili, naye Wekesa aliposikia akafunga kibanda chake, akanisindikiza. Daktari wa ngozi alikuwa binti mmoja Mwislamu wa Pwani, amejifunga mtandio, mwenye Kiswahili kitamu na mikono isiyo na haraka. Aliniita baba. Aliitazama miguu yote miwili, juu, chini, katikati ya vidole, kucha moja moja. Akasema hiyo ngozi nyeupe inayochubuka ni fangasi, ni jambo la watu wengi sana. Akanipa dawa ya kupaka, na kwa kucha akasema itachukua miezi. Akaniagiza nikaushe vidole vizuri kila nikioga, nisivae soksi mbichi. Kwa nyufa akanipa mafuta mazito. Kumbe yale niliyoyaficha maisha yangu yote yalikuwa na dawa!

Kisha akalishika lile doa, na uso wake ukabadilika. Akaangalia kwa kioo chenye taa. Akanionyesha jinsi ukingo wake ulivyopindapinda, jinsi upande mmoja ulivyo mweusi na mwingine kahawia. Akaniuliza, "Baba, ni nani aliyeliona?" Nikamwonyesha Wekesa mlangoni.

Alikata kipande kidogo kikapimwe. Siku za kungoja majibu zilikuwa ndefu. Niliomba, lakini nawaambia kweli, mara nyingi nilikuwa nimekaa tu, mguu juu ya kiti. Majibu yakaja: saratani ya ngozi. Daktari akanieleza kwamba ni ya nadra, na kwamba kwetu sisi watu weusi hupenda kujificha kwenye nyayo, viganjani na chini ya kucha, mahali ambapo mtu hajitazami. Ikiachwa, huingia ndani na kusafiri mwilini, na wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa.

Nilimuuliza swali moja tu: mguu utabaki?

Akasema, "Tumewahi, baba. Tutakata doa na ngozi iliyolizunguka, siyo mguu."

Haleluya! Wakalikata. Wakachukua ngozi ya pajani wakaibandika unyayoni. Wakachunguza na tezi za kinena, wakazikuta safi. Nilitembea kwa magongo majuma mengi, na ninyi mlikuja nyumbani mkaimba, mkanywa chai yote ya Mama Mwende. Daktari hakuniambia nimepona milele. Aliniambia nirudi kila miezi mitatu atazame. Nami nikamwambia, miezi mitatu naijua vizuri, kanisani kwetu tunaihesabu hivyo hivyo.

Na tusimsahau Wekesa. Siku ile ya kwanza daktari alimwona akijikuna viganja, akamwita akae. Kumbe ngozi yake iliyopasuka kila siku, tuliyodhani ni rangi tu, ilikuwa inaunguzwa na gundi. Akampa mafuta na kumwambia avae glovu. Siku hizi anavaa, ingawa anasema anaonekana kama daktari wa viatu. Nami namwambia, fundi, wewe ni daktari. Nilikosea mimi.

Ndugu zangu, sisemi tuache kuomba. Niliomba na nitaomba. Lakini nilikuwa nikimwomba Mungu anitunze huku nikimficha mguu wangu kila mtu ambaye angemtuma. Yeye ni mwaminifu, na akimtuma fundi mwenye rangi mikononi, mkaribishe. Ukiwa na doa jeusi jipya, au linalobadilika, au kidonda kisichopona, usilichome, usilisugue, usinunue dawa kwa mchuuzi. Mwonyeshe daktari. Na wewe mwenyewe leo ukifika nyumbani, geuza unyayo wako utazame. Usipofikia, mwombe aliye karibu nawe. Hakuna aibu. Mtumaini Bwana, na vua soksi.

Kiatu changu nilirudishiwa. Wekesa alikuwa ameweka ndani kipande laini cha ngozi ya kondoo, pale pale penye kovu, ili pasiumie nikisimama. Ndicho hiki nilichovaa.

Juma lijalo tunatawadhana. Jagi nimemkabidhi mzee mwingine. Mimi nitakuja na miguu yangu, na mwenzangu nimeshampata.