Masikio ya Mama Kaarina Yanapumzika

Baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya kukaa mbele ya redio ya mawasiliano, Mama Kaarina Lehtovaara anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023. Katika muda huo ndege zetu za misheni ziliruka mara elfu kumi na tisa mia nne na sita. Zilitua mara elfu kumi na tisa mia nne na sita. Naandika haya nikiwa nimeshusha pumzi, na sioni aibu kusema hivyo.

Mimi ni Bosco Ankuash, msimamizi wa mizani na mizigo. Miaka yote hiyo nimefanya kazi hatua sita kutoka mlangoni kwake. Nimeombwa niandike kwa ufupi, na nitajitahidi.

Mama Kaarina alifika hapa kambini Februari 1992 na mumewe Pentti, rubani, wakiwa wametumwa na kanisa lao la Ufini. Eeva alizaliwa mwaka uliofuata, Jussi akafuata baada ya miaka mitatu. Nyumba ya misheni ilipakana na banda la ndege, na redio ikawekwa ndani ya jiko la nyumba hiyo, kwa hiyo familia nzima ilikula, ikasali na ikagombana mbele ya vijiji ishirini na sita. Neno la kwanza la Jussi halikuwa mama wala baba. Lilikuwa “ova”, neno la redioni la kumpa mwenzako zamu ya kusema.

Mwaka wa pili Pentti alijenga kibanda cha mbao nyuma ya banda, akakitia jiko la mawe ili watu wakae ndani watoke jasho. Msitu huu una joto mwaka mzima, na sisi Washuar, wenyeji wake, tulikuwa tukitoka jasho bila kujengewa. Mama yangu aliulizia sana wageni wale wana ugonjwa gani. Miaka mitano baadaye alikuwa wa kwanza kupanga foleni mlangoni kila Jumamosi.

Kazi ya Mama Kaarina ilianza saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakati vijijini watu wako macho wanakunywa wayusa, chai yetu ya majani ya msituni, ikiwa moto na kusimuliana ndoto. Aliwaombea wote sala fupi, kisha akauliza habari za wagonjwa, walimu na hali ya hewa. Ndege ikishapaa, rubani alipaswa kumwita kila baada ya dakika kumi na kumwambia alipo. Yeye aliandika daftarini. Hakuna siku niliyomwona akiandika kabla ya kusikia.

Mwanzoni watu wetu walimsumbua, na lazima tukubali. Anayeitaka ndege hasemi kwamba kwake kunanyesha. Mwalimu anangojewa, chumvi imekwisha, mgeni amealikwa. Nani ataharibu mambo kwa sababu ya mawingu? Nakumbuka asubuhi moja alipokiita kijiji cha Kunkuk.

“Kunkuk, hali ya hewa ikoje huko? Ova.”

“Safi kabisa, mama! Jua linachoma! Ova.”

“Na hiyo ninayoisikia juu ya bati lako ni nini? Ova.”

“Ni kuku, mama. Kuku wengi. Ova.”

Kuanzia hapo aliacha kuuliza hali ya hewa. Aliuliza nguo za nani zimeanikwa, na kama mti mkubwa ulio mwisho wa kiwanja cha ndege unaonekana. Kila kiwanja alikichagulia mti wake. Mtu aliweza kudanganya juu ya jua, lakini wengi walishindwa kutunga habari za nguo za jirani.

Kwenye mizani alikuwa mkali kuliko mimi. Kila abiria alipimwa pamoja na mzigo wake, hata mjumbe wa kanisa aliyetoka Ulaya na kudhani ukubwa wake ni wa cheo tu. Shangazi yangu alipimwa, akapanda ndege, na ndipo kanga wawili walipoanza kulia ndani ya gauni lake. Mama Kaarina alimshusha, akampima upya, akapima na kanga. Shangazi hakuzungumza nami mwezi mzima, ingawa mimi nilishika kalamu tu.

Kuna siku moja ambayo wenzangu wamenisihi niieleze, na nyingine zote naziacha. Ilikuwa tarehe 14 Machi 2003. Mashian Tserem, mtunza redio wa Kunkuk, aliita akisema kuna mama amejifungua na damu haikati. Mama Kaarina aliuliza kama mti unaonekana. Mashian akajibu, “Nauona, mama. Nauona hadi matawi.” Pentti akaruka saa tano na dakika kumi.

Aliita saa tano na dakika ishirini. Aliita saa tano na nusu. Hakuita tena. Ndege yetu nyingine ilikuwa mji mkuu ikitengenezwa injini, hivyo hapakuwa na wa kumtuma kutafuta. Mama Kaarina alimwita mumewe kila dakika, kwa sauti ileile, haikupanda wala kushuka. Eeva na Jussi walirudi kutoka shule wakasimama mlangoni. Aliwaonyesha viti kwa kidole, wakakaa. Mimi nilisimama kando ya mizani isiyo na mtu wa kupimwa, na nilisali, ingawa kabla ya siku hiyo nilikuwa nikiwaachia wengine shughuli hiyo. Nilimwogopea Pentti. Zaidi nilimwogopea yule mwanamke aliyekuwa akiita.

Saa saba kasorobo alijibiwa na kijiji ambacho hakikuwa na ratiba siku hiyo.

“Kambi, huku Tayunts. Betri yetu ilikufa, tumeazima ya shule. Mzungu wenu tunaye hapa. Ametua kwenye kiwanja cha zamani, bibi kapanda mihogo hapo. Ndege nzima, yeye mzima, mihogo ndiyo imekufa. Bibi anamfokea. Ova.”

“Tayunts, nimekupata,” alisema Mama Kaarina. “Mwambieni bibi aendelee kumfokea mpaka aombe radhi. Ova.” Akaandika saa daftarini. Kisha akavua vipokea sauti, akaenda nyuma ya banda, na hatukumfuata.

Kumbe Pentti alikuta mvua kama ukuta juu ya Kunkuk. Alishuka chini ya mawingu kutafuta mahali pa kutua, na vilima vikazuia sauti yake. Wanaume wa Kunkuk, waliposikia redioni alikotua, walimteremsha mzazi kwa mtumbwi hadi Tayunts, mwendo wa saa tatu mtoni. Saa kumi jioni mbingu ilifunguka, na Pentti akamleta hospitali akiwa hai, mtoto kifuani. Mama huyo alikuwa Suanua, mke wa Mashian.

Wiki mbili baadaye Mashian alifika kambini kwa miguu, mwendo wa siku mbili, na kikapu cha samaki waliokaushwa. Alikataa kuketi.

“Mama, mti sikuuona,” alisema. “Hata mlango wa nyumba yangu sikuuona. Nilijua nikisema kweli, mumeo haji.”

Tulidhani atamfukuza, na alikuwa na haki. Mama Kaarina alimsogezea kiti. “Mashian, ningekuwa mimi, na Pentti ndiye anayetoka damu, ningekwambia nauona,” alisema. “Kaa chini.”

Siku hiyo alitunga kanuni ambayo leo inafuatwa kambi nzima: mwenye mgonjwa haulizwi habari za mawingu, aitwe mwingine. Nasi tukafurahi, maana ilikuwa kanuni nzuri kwa watu wengine. Kesho yake akaniita jikoni akasema kwamba kanuni hiyo inamhusu na yeye. Mumewe anaporuka, wa kusema ndege iende au isiende asiwe mkewe. Awe mimi. Nilikataa. Nilikataa tena. Kwa miaka kumi na tisa iliyofuata nimesema “iende” juu ya mume wa mtu aliyekaa hatua sita kutoka kwangu, na tangu 2017, Jussi aliporudi akiwa rubani, nimesema “iende” juu ya mwanawe pia. Hata siku moja hakuinua uso kunitazama niliposema. Baadaye nilielewa kwamba alifanya hivyo ili nisisome kitu usoni mwake.

Redio sasa anaichukua Ipiak Chumpi, aliyefundishwa naye kwa miaka miwili na anayewagombeza marubani kwa lugha tatu. Pentti aliacha kurusha ndege mwaka jana, na sasa anawatengenezea majirani baiskeli wasizomwomba azitengeneze. Wawili hao watahamia Ufini, jirani na Eeva, ambaye ni muuguzi huko. Jussi anabaki kazini hapa. Mama Kaarina ameahidi hatapiga simu kuuliza yuko wapi, nami, ninayemfahamu, nimemwahidi kumtumia ujumbe wa neno moja kila jioni: “Katua.”

Mama Kaarina, kwa niaba ya wafanyakazi wote na vijiji ishirini na sita, asante. Asante kwa sauti ambayo haikutetereka hata siku ulipokuwa na kila sababu. Tunawaombea wewe na Pentti miaka mingi ya afya, usingizi mzito, na asubuhi ambazo hakuna anayewasubiri. Katika harusi zetu zote na misiba yetu yote ulisimama karibu na mlango, sikio moja kwetu na jingine jikoni. Ijumaa hii nimezuia safari zote na ndege zote mbili nimezifunga kamba kwa mikono yangu. Marubani watakuwa mezani, na Jussi nimempangia kiti kando yako. Hakuna mtu wetu aliye angani, mama. Ingia ndani, ukae.