Kitambaa Kilichokwisha Katwa

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao nje ya kibanda cha fundi cherehani, mguu mmoja umeegemezwa tofali. Kahawa huanza saa mbili asubuhi, ubishi huanza kabla yake. Fundi wanamwita Pindo. Ni Mhindu, dini aliyorithi kwa wazee wake, na kila siku kabla ya kukanyaga cherehani huwasha taa ndogo akaomba. Leo aliomba mpaka kahawa yake ikapoa. Kaka yake, ambaye hawajasemezana naye mwaka wa saba huu, alikuwa amelazwa hospitali na angepasuliwa saa sita. Mtaa mzima ulijua.

Breki, dereva wa lori aliyestaafu, ndiye aliyechokoza.

— Pindo, si ulituambia nyota yako ilishasema mtatengana? Sasa unaomba nini?

— Iliandikwa siku niliyozaliwa. Ndugu wawili watatengana ukubwani. Na tumetengana.

— Basi maombi ni honi tu. Unapiga weee, barabara haipanuki.

— Lakini wa mbele husogea, alisema Nyundo, fundi viatu. Ndiyo maana wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure.

Hakuna aliyeona methali hiyo imeingilia mlango gani, lakini kahawa ilikuwa ya moto, wakaipitisha.

Pindo akaonyesha kwa mkasi.

— Karma ni kama vitambaa vyangu. Vya rafuni ni matendo yote niliyojiwekea, ya maisha haya na yaliyopita. Hiki kilichokwisha katwa ndicho nilichozaliwa nacho, hakirudi kuwa jora. Hiki kilicho chini ya sindano ni cha leo, na mkono ni wangu.

— Na maombi je? aliuliza Breki.

— Nikikata huacha akiba pembeni, nguo ikibana naachia. Labda maombi ndiyo ile akiba.

Hapo wangeweza kuishia, lakini kijiwe hakijui kuishia. Nyundo akadai kwamba kama yote yameandikwa, basi hata viatu anavyowacheleweshea wateja viliandikwa, na waende wakailaumu nyota. Breki akasema mbinguni kuna madaftari mawili, moja la wino, jingine la penseli, na kifutio anacho karani mmoja mzee anayesinzia, ndiyo maana wengine huomba kwa kelele. Muuza kahawa akauliza kama usingizi wa karani nao uliandikwa. Wakabishana hapo robo saa nzima.

Pindo alicheka nao, jicho likiwa kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na nusu. Alikuwa anaogopa. Aliogopa kaka yake asije akafa, na aliogopa zaidi kufungua mlango wa wodi, mgonjwa akageukia ukutani.

— Tulia, Breki alimwambia. Haraka haraka haina baraka.

Kwenye kizingiti alikuwa amesimama mama mmoja mgeni, aliyekuja kuchukua gauni na kusubiri kifungo cha mwisho. Alikuwa amesikia yote.

— Samahani, fundi. Huyo kaka yako yuko wodi gani?

Pindo akasimamisha sindano. Asubuhi hiyo alikuwa amemwombea kwa jina lake, kwa nyota yake, kwa jina la mama yao, na wodi haijui. Akamtazama Breki. Breki akamtazama Nyundo. Nyundo akatazama ndani ya kikombe, na hospitali iko mitaa miwili tu kutoka hapo.

Muuza kahawa akainamisha birika, halikutoka tone.

Pindo akakata uzi wa kifungo, akamkabidhi mama gauni lake, akazima taa ndogo.

— Nikiuliza pale mlangoni, wataniambia?

— Watakuambia, alisema mama. Ila watakuuliza wewe ni nani wake.

— Nitasema mimi ni mdogo wake, alijibu Pindo. Ilikuwa miaka saba hajalitamka neno hilo. Akatoka, tepu ya kupimia bado iko shingoni.