Bisibisi, Mtu Aliyekataa Puti

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi wenzake mliofika, karatasi iliyochapwa mwanzo ilisema marehemu alikuwa mpole, mwenye tabasamu kwa kila mtu. Imechanwa. Marehemu hakuwa mpole. Alikuwa na hasira, alizitumia vizuri, na leo hatapakwa rangi eti kwa sababu amelala na hawezi kujibu.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa pili kwa mama yake, katika nyumba ya mwisho nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mama yao alisema alikuja duniani amekunja ngumi. Kaka yake, ambaye ndiye anayesoma maneno haya, alilala naye kitanda kimoja na anathibitisha: hata usingizini alikuwa anagombana na mtu.

Alisoma kuanzia 1958 hadi 1964, darasa la saba. Mwaka wa mwisho ukuta wa darasa ulipasuka, na kwa vile mkaguzi alikuwa anakuja, ufa ukapakwa chokaa. Mkaguzi alipousifu ukuta, mtoto huyu akasimama, akaenda, akaingiza rula yote ndani. Alichapwa. Nyumbani aliulizwa kama amekoma. Akasema, "Ufa bado upo."

Januari 1966 aliingia gereji ya mjomba wake, na mwaka 1974 akafungua yake, nyuma ya maduka ya matairi. Kazi yake ilikuwa magari ya zamani, tena upande wa chini tu. Wengine wang'arishe juu. Yeye alilala chali kwenye ubao wake, akigonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza, na palipolia vibaya akasukuma bisibisi. Jina la Bisibisi likatokea hapo. Kutu hakuisugua juujuu. Kwanza alichomelea vyuma vya kushikilia matundu ya milango, gari lisijikunje likikatwa. Kisha akakata mpaka akutane na chuma kinachong'aa, akakunja bati jipya, akalichomelea kidogo kidogo likipoa, na mwisho akaacha matundu ya kutolea maji, yale ambayo mafundi wavivu huyaziba halafu wanashangaa gari linaoza tena. Wavivu hao baadhi wapo hapa. Wasitikise vichwa.

Na mwenye gari hakuelezwa kitu. Alilazwa.

"Lala, bosi. Shika hii. Sukuma mwenyewe."

"Si uniambie tu, fundi?"

"Nikikuambia utanibishia. Lala."

Mwaka 1979 alikuja binti mmoja, fundi cherehani, na gari la krimu alilorithi kwa baba yake. Fundi mwingine alikuwa amepaka puti, ule uji mzito wa kuzibia mashimo kabla ya rangi, na lami nyeusi kwenye mabati yanayobeba gari chini ya milango, akamwambia ni zima kabisa. Binti akalala kwenye ubao na gauni lake, akasukuma. Bisibisi ikazama mpaka mpini, kutu ikamwagika usoni. Akatoka amefura, nywele zimejaa vumbi jekundu: "Huyo aliyenipakia puti anakaa wapi?" Marehemu alisema baadaye kwamba hakuhitaji kumchunguza zaidi. Walikwenda pamoja kugomba kwa fundi yule, na tarehe 14 Juni 1980 wakafunga ndoa. Walijaliwa watoto watatu. Gari hilo likawa la nyumbani, na kutu ilipolirudia uzeeni, marehemu alimwahidi mkewe kulifanya upya pande zote mbili.

Oktoba 2022 alianza kukonda. Februari vipimo vikatoka: saratani ya kongosho. Ugonjwa umetajwa hapa kwa agizo lake mwenyewe. Daktari aliwaambia watoto nje ya mlango, nao wakakubaliana baba na mama wasijue. Yeye aliambiwa ana vidonda vya tumbo. Mwanawe mkubwa akamwambia, "Baba, pumzika kwanza. Gari lipo tu, utalifanya ukipona." Akapumzika! Miezi ile ambayo mikono yake bado ilikuwa na nguvu, aliimaliza kibarazani, anameza dawa za vidonda asivyokuwa navyo, anangoja kupona. Hapo ndipo panapochoma, na pole zenu zote hazijapapoza.

Agosti mkewe alimpeleka hospitali bila watoto, na muuguzi akazungumza akidhani mama anajua. Alirudi, akakaa kitandani, akamwambia mumewe yote bila kupunguza neno. Watoto wakaitwa.

"Baba, tulikuwa tunakuhurumia," alisema mkubwa.

"Mmenipaka puti."

"Baba, sikiliza..."

"Mmenipaka puti, mkapiga na lami juu. Mimi! Watu baki nimewalaza chini wakaona wenyewe, halafu nyinyi, damu yangu, mnanizungusha kama mteja mjinga?"

Mkubwa akalia. Hakubembelezwa.

Kesho yake marehemu alikwenda gereji. Kulala chini hakuweza tena kwa muda mrefu, basi mkewe alilala kwenye ubao akagonga na kusukuma, yeye akasikiliza kutoka kwenye kigoda na kuchomelea anapopata nguvu. Upande wa kushoto waliumaliza. Wa kulia aliukata, mikono ikagoma. Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, asubuhi.

Juzi mkubwa alileta mtu mwenye kopo la puti aufunike upande wa kulia, ili gari lipendeze mazishini. Mama yake alimfukuza mtu huyo na kopo lake. Gari liko hapo langoni, limevutwa kwa kamba. Mkitoka mtaliona lilivyo, wazi.

Wengi wameuliza kama marehemu alimsamehe mwanawe. Kaka yake hakumsikia akisema hivyo, na hatalisoma asilolisikia. Alichomsikia akisema ni hiki: "Upande wa kulia aufanye yeye. Lakini kwanza alale."

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, kaka mmoja, na gari nusu.

Mwanangu mkubwa, ubao wa baba yako uko chini ya gari. Bisibisi anayo mama yako. Vua koti.

Apumzike kwa amani. Na akikuta huko aliko kuna mahali pamepakwa, wamwache agonge.