Mzee Ussumane, Vitabu vya Katuni na Nyumba Isiyo na Mwenyewe

Kosa la wengi ni kudhani kwamba shujaa ndiye anayeulipia ushujaa wake. Mzee Ussumane, anayestaafu leo, tarehe 30 Juni 1973, baada ya miaka kumi na tisa ya kutunza vitabu, amepata muda wa kutosha kutufundisha kinyume chake: shujaa hurusha jiwe, kipigo kikaenda kwa jirani.

Alianza kazi Mocímboa da Praia, katika chumba cha kusomea cha shule moja. Aliajiriwa kuvipangusa vitabu vumbi, si kuvifungua. Akavifungua. Vita vya kumng'oa Mreno vilipoanza, watu walikimbilia msituni na vyungu, mikeka na kuku. Yeye alitufikia hapa kambini, kwenye shule yetu ya msituni, na gunia la vitabu vya katuni, vile ambavyo Wareno huviita quadradinhos. Sufuria hazikututosha siku ile, lakini tulikuwa na vijana watano wenye majoho mekundu, wawezao kuinua gari-moshi. Tulishukuru sana.

Nieleze kwa wasiovisoma. Katuni zile zote zilihusu kikundi kimoja cha vijana. Mmoja huruka, mmoja hupenya ukuta, mmoja hutoa moto viganjani, na hakuna hata mmoja mwenye mama wa kumwuliza anakwenda wapi. Huficha nyuso zao ili wasijulikane, humkimbiza adui mji mzima, na mwishowe humwangushia nyumba. Baada ya masomo Mzee Ussumane aliwasomea wanafunzi kwa Kiswahili. Palipomshinda Kireno alitunga mwenyewe, na hapo ndipo palipokuwa patamu zaidi.

Siku moja mwanafunzi wetu wa kike, Domingas, aliinua mkono.

“Babu, hiyo nyumba iliyomwangukia adui ni ya nani?”

“Haina mwenyewe, mjukuu wangu. Ni ya kuchorwa tu.”

Jibu hilo liliridhisha darasa zima. Walioridhika kuliko wote ni Sufo na wenzake wawili, waliotoka jandoni majuzi, na hivyo walikuwa wanajua kila kitu. Wakaunda kikundi chao. Vya kufichia nyuso havikuwasumbua: kibanda cha siri cha wanaume kilikuwa na mapiko, vile vinyago vya kuvaa kichwani wakati wa ngoma, vilivyochongwa na Mzee Sebastião. Desturi ni kwamba mwanamke hajui nani yumo ndani ya kinyago. Anayecheza ni marehemu aliyefufuka, na kina mama wote huliamini hilo bila kucheka. Vijana wakaona kwamba ambaye mama yake hamtambui, askari atamtambuaje? Ni hoja nzuri, kwa mtu ambaye hajawahi kumwuliza mama yake.

Domingas alikutana nao njiani, akatazama miguu.

“Sufo, tangu lini marehemu ana funza kwenye kidole gumba?”

“Hukuniona wewe!” akafoka marehemu.

Wakaenda mchana kweupe hadi kwenye kituo cha askari wa Kireno, jua likiwa limewalaza walinzi. Masipai, wale askari weusi wa Mreno, walipoona wafu watatu wanakata kamba ya bendera, walikimbia. Wafu nao walikimbia, tena mbio zaidi, na kinyago kimoja kikaanguka. Bendera ikafika kambini kwa nyimbo na vigelegele. Ni kitambaa imara kweli. Mpaka leo tunaanikia makopa ya muhogo.

Sasa, kinyago humficha aliyekivaa, hakimfichi aliyekichonga. Kila mchongaji ana pua yake na kidevu chake, na kijijini hata mtoto huvitofautisha. Miongoni mwa masipai alikuwamo mmoja aliyezaliwa huku kwetu nyanda za juu. Kesho yake askari walifika shambani kwa Sebastião, ambaye mguu wake mbovu haukumruhusu kukimbia. Mkewe, Olinda, alikuwa amejificha kwenye mihogo, akasikia kila neno. Sipai alikiweka kinyago kile kando ya kingine ambacho Sebastião alikuwa hajakimaliza.

“Hawa ndugu,” alisema. “Baba yao ndiye huyu.”

Wakamchukua, wakaichoma nyumba. Mpaka naandika haya hatujui alipo, wala kama yu hai.

Hapa ndipo ilipoanza kazi kubwa ya Mzee Ussumane. Aliwachukua mashujaa wake watatu hadi kwa Olinda.

“Baba Ussumane,” Olinda alimwuliza, “umeniletea pole au umeniletea mikono?”

“Mikono, mama.”

Wakamjengea nyumba. Wakapangiwa zamu za kulima, kuchanja kuni na kuchota maji. Sufo alilalamika kwamba mashujaa wa kitabuni hawashiki jembe.

“Ndiyo maana hawazeeki,” alijibiwa. “Hadithi yao huisha kabla ya msimu wa njaa.”

Tangu hapo, kila nyumba ilipoanguka kitabuni, Mzee Ussumane alifunga ukurasa na kutaka aambiwe nani alilala humo, na sasa anakula kwa nani. Kitabu kilichokuwa kikimalizika jioni moja sasa humaliza mwezi. Wavulana huona ni adhabu. Ni kweli.

Macho yamemchoka, na kesho anavuka mto Ruvuma pale Namoto kwenda kukaa kwa bintiye Zainabo. Serikali haijampa pensheni, maana serikali yenyewe bado tunaitafuta. Kikundi cha Sufo kimemtungia wimbo wa kumuaga, beti nyingi, zote za ushujaa, na mazoezi yamekuwa makali hata zamu zimesahaulika. Jana nilimpitia Olinda.

“Mashujaa wana ngoma, mwalimu,” aliniambia. “Mtungi wangu utasubiri.”

Mzee Ussumane, ahsante kwa gunia, na ahsante zaidi kwa ulichotufundisha lilipotuponza. Mungu akupe uzee mtulivu ng'ambo ya Ruvuma, pamoja na wajukuu wa kukusomea.

Nanyi mliokuja kumuaga, wali umeiva na ngoma zimekwisha kuwambwa. Leo, kabla hujaketi kula, chota maji umpelekee Olinda.